Jino la Okello

Al Twar, Ijumaa mchana

Mwende, mama yangu,

Wewe na mama yako mko kanisani, kwenye ibada ya Ijumaa ya huku kwa Waarabu. Nimesema kichwa kinaniuma, mama yako akanitazama kwa ile namna yake ya kujua, akachukua mkoba, akatoka. Kichwa hakiniumi. Nilitaka nyumba iwe kimya niandike kabla hamjarudi na watu wa kikundi cha maombi, ambao watakuja na sufuria za pilau na ushauri mwingi kuhusu Kanada, nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona.

Mambo ya sweta, ya kula, ya kupiga simu ukifika, sitayagusa. Mama yako ameyasema yote, mengine mara nne. Mimi nataka kuandika juu ya ile karatasi iliyo juu ya friji.

Nimeitia kwenye begi lako mara mbili. Mara mbili nimeikuta imerudi pale pale juu ya friji, chini ya bakuli la limau, bila wewe kusema neno. Kwa karibu wiki mbili sasa unanijibu "ndiyo, Baba" na "hapana, Baba", kwa heshima kamili, na ningeona afadhali unigombeze. Karatasi ile ni cheti cha saa zako zote ulizokaa kliniki ukimtazama daktari akifanya kazi. Utasoma biolojia kwanza, kisha utaomba nafasi shule ya meno, na siku utakapoomba watataka kujua kama umewahi kusimama karibu na kiti cha mgonjwa. Cheti kina muhuri. Kina sahihi ya Madam, mwenye kliniki. Mimi ndiye niliyekitafuta, na nataka ujue nilikipataje, hata yale unayoyajua, kwa sababu upande wangu hujausikia.

Makampuni ya ulinzi huwaleta watu wao kliniki kwa basi, sita sita, saba saba. Majina hutumwa siku moja kabla. Bima ya watu hao hukubali kung'oa papo hapo, bila swali. Kuziba jino lazima kuombewe kibali, kibali huchukua siku kadhaa, na msimamizi wao anataka warudi zamu jioni ileile. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza wa ukarani pale mapokezi Madam aliniambia, "Musyoka, wewe ni mtu makini. Jaza fomu mapema, tusicheleweshe watu." Nikajaza. Jina, namba ya kitambulisho, na pale penye tiba nikaandika kung'oa. Daktari bado yuko kwake anakunywa chai, mgonjwa bado yuko kazini anafungua na kufunga geti, na jino lake limeshang'oka kwenye karatasi yangu. Mwandiko wangu ni mzuri. Nilijivunia.

Kisha kulikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyenipa. Waganda na Wakenya wakifika mapokezi, mtu anaishika fomu, anaigeuza, ananitazama. Wengi wao wanasoma Kiingereza vizuri kuliko mimi. Lakini mtu aliyekesha na maumivu, akisikia lugha ya nyumbani, huacha kusoma. Mimi nasema, "Weka sahihi hapa, ndugu. Ni kawaida." Uso unafunguka: kumbe kuna mtu wa kwetu hapa! Anaweka sahihi. Kiswahili changu kilikuwa ganzi ya kwanza, kabla ya sindano.

Miaka saba, Mwende. Kila wiki basi moja, wakati mwingine mawili. Nimekasirika ninapoandika haya, na hasira yenyewe inaniaibisha kwa jinsi ilivyochelewa.

Jumatatu ile ulisimama nyuma ya daktari kama kawaida, na koti lako jeupe lililokupwaya mabegani. Okello, mlinzi mmoja wa basi la siku ile, alikuwa wa nne kuingia. Mimi nilikuwa mapokezi, mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, nikakusikia.

"Daktari, samahani. Hili si la kuziba? Kwenye picha tundu halijafika ndani."

Daktari akacheka. "Yalla, haya twende, daktari mdogo. Ameshasaini."

"Lakini anajua amesaini nini?"

Sikufikiri juu ya jino. Nilifikiri, nani mwingine amesikia? Nikanyanyua simu ambayo haikulia nikajifanya ninaongea.

Dakika chache baadaye ulitoka, ukaja moja kwa moja mezani pangu, ukafungua shashi. Gego la chini, zima, na juu yake tundu dogo jeusi ambalo kichwa cha njiti ya kiberiti kingeliziba. Ulisema, "Baba, tazama." Ulisema kwa sauti yako ya kawaida, na watu watano wamekaa kwenye viti wanatazama, na Madam anatoka ofisini kwake wakati uleule.

Maneno ya Madam, kwamba huo ni utovu wa adabu, unayakumbuka. Yale aliyoniambia mimi, mlango ukiwa umefungwa, huyajui. Alisema, "Huyu mtoto anakaa nchini kwa viza ya nani?" Halafu akajibu mwenyewe, "Yako. Na yako ni ya nani?" Hakungoja jibu. Yeye ndiye kafeel wangu, mdhamini wa viza yangu, na sote wawili tulijua kwamba akitaka, wiki ijayo ninafunga mizigo, na wewe ulikuwa bado unangoja karatasi zako za Kanada zitoke kwa anwani ya hapa. Akasema hatatia sahihi cheti mpaka uombe msamaha, kwa daktari na kwake, mbele ya wauguzi.

Ndipo nikakuita stoo, kati ya maboksi ya glavu.

"Mama, ni maneno mawili tu. Sema samahani, tumalize."

"Samahani ya nini, Baba? Ya kuwa na macho?"

"Ya kusema mbele za watu."

"Ningesema nyuma ya watu, ungefanya nini?"

Nilikushika mkono nikakuambia, "Fanya kwa ajili yangu." Hilo ndilo neno lililokuvunja, niliona. Ulitoka ukaomba msamaha, umenyooka, bila machozi. Madam akagonga muhuri akasema, "Khalas, yameisha." Daktari akakupiga bega. Nami nilifurahi! Nataka nikiri hilo kwa maandishi. Nilirudi mezani nikiwa mwepesi kama mtu aliyeponyoka ajali.

Nimekuita mama tangu siku uliyozaliwa, kwa sababu una jina la mama yangu, na kwetu anayebeba jina hubeba na heshima yake. Usiku ule, ulipokula chakula chako ukaosha sahani yako peke yake, ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimemshika mama yangu mkono nikamlazimisha kuwaomba radhi watu waliomdhulumu mtu mwingine.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako halijui vizuri.

Unajua kwamba nilisomea zoolojia Nairobi. Nilisema siku zote kwamba niliacha mambo ya meno kwa sababu wewe ulizaliwa, nami nina miaka ishirini, bado mwanafunzi. Ni uongo, na umeubeba wewe bila kujua. Ukweli ni kwamba baada ya shahada ningeweza kuomba nafasi ya udaktari wa meno. Fomu nilikuwa nayo, imejazwa. Ilibaki barua ya mhadhiri mmoja tu, wa anatomia, mtu mkali aliyevaa tai hata Jumamosi. Nilikwenda mlangoni kwake mara tatu. Mara mbili nilisimama nikarudi. Mara ya tatu mlango ukafunguka nikiwa bado sijabisha, akatokeza kichwa.

"Unataka nini, kijana?"

Nikasema, "Samahani, natafuta choo."

Akanionyesha. Nikaenda chooni, nikakaa humo kwa muda ambao mtu aliyetafuta choo kweli angekaa. Hapo ndipo udaktari wangu ulipoishia. Wewe ulikuwa na miezi kumi na moja, ukijifunza kusimama kwa kushika kiti, na kwa miaka yote hii nimekusingizia.

Kwa hiyo nikikuambia kwamba kule uende ofisini kwa walimu wako mapema, wiki za kwanza, kabla hujawa na shida yoyote, nielewe ninatoka wapi. Uende na swali hata kama ni dogo. Uende ukiwa umepata alama mbaya. Utazipata, kemia ya mwaka wa pili huwaangusha hata waliozoea kuwa wa kwanza darasani. Siku ya kuomba barua ya kukusifu, mwandishi awe mtu aliyekwisha kukuona umekosea na ukarudi. Barua niliyokutafutia mimi, yaani cheti kile, imeandikwa na mtu aliyekuona ukiomba msamaha usio wako. Umeisoma? Mimi nimeisoma tena asubuhi hii. Ina mistari sita, na sifa iliyomo ni moja tu: kwamba wewe ni mtiifu.

Mtiifu! Msichana aliyechonga sabuni miezi sita ili mkono wake ujue umbo la kila jino, kwa sababu alisikia mtihani wa kule una sehemu ya kuchonga sabuni. Nyumba nzima inanukia. Mama yako anafulia makombo. Juzi nimeoga kwa jino la chonge. Babu yako wa Wamunyu alichonga swara na twiga wa kuwauzia watalii maisha yake yote, na alikuwa akikigeuza kipande cha mti mkononi muda mrefu hata sisi watoto tukachoka kungoja, kabla hajakigusa kwa chombo. Nawe unafanya vivyo hivyo, ingawa hamkuwahi kuonana. Unaigeuza sabuni. Unatazama. Macho hayo ndiyo Madam aliyoyaita utovu wa adabu, na mimi nikaitikia.

Nilikaa na hilo siku nane. Jumanne iliyopita, siku yangu ya mapumziko, nilikwambia ninakwenda Rashidiya kuongeza salio la kadi ya metro. Nilikwenda Rashidiya kweli, kisha nikapanda basi hadi Silicon Oasis. Kwenye faili Okello ameandikwa analinda jengo moja la ofisi kule. Nilimkuta mapokezi ya chini, amesimama kwa sare, shavu limeshapungua uvimbe.

Alinitazama kidogo akaanza kucheka. "Eh! Si wewe ni yule wa 'weka sahihi hapa, ndugu'?"

Nikasema ni mimi.

"Umekuja kuchukua lingine? Yamebaki mengi."

Nikamwambia nimekuja kumweleza kitu. Nikamweleza, pale pale, watu wakipita na kadi zao: kwamba jino lake lingezibika, kwamba fomu niliijaza mimi siku moja kabla, kwamba alipoweka sahihi nilijua kilichoandikwa na sikumwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Hakukasirika mara moja. Aliuliza maswali, polepole, kama askari anayeandika ripoti.

"Mimi nilijua ile karatasi ni ya kusafisha. Wewe uliniambia ni ya kusafisha?"

"Hapana."

"Uliniambia ni ya nini?"

"Nilikuambia ni kawaida."

"Ndiyo. Kawaida." Akalirudia neno hilo mara mbili. "Mimi naweza kusoma, bwana. Nimesoma mpaka kidato cha sita. Lakini nikasema, huyu ni mtu wetu, nisome ya nini? Angekuwa mtu mwingine pale, ningesoma."

Akaniuliza, "Na yule msichana wa koti? Alinifuata mpaka kwa basi. Akanipa jino langu kwa pamba, akasema pole, angalau uwe nalo. Ni nani yule?"

"Ni binti yangu."

Akanipima kuanzia viatu hadi kichwani. "Binti? Nilifikiri ni dada yako. Wewe bado kijana sana." Kisha akasema, "Basi amefanana na mama yake."

Nilicheka, Mwende. Iliniuma nikacheka. Yeye hakucheka tena. Aliuliza, "Sasa umeniambia mimi. Wale tano tulikuja nao? Na wale wanakuja Alhamisi?"

Sikuwa nimewafikiria. Nilikuwa nimepanda metro na basi kwenda kujitua mzigo wangu, nikadhani nikishautua kwa mtu mmoja nimemaliza. Okello akaniambia anachotaka: nakala ya faili lake, picha na fomu, aipeleke kwa wakubwa wa kampuni na kwa ofisi inayosimamia hospitali. "Faili ni la jino langu," alisema. "Au nalo nimelisaini?" Nikamwambia aje Alhamisi asubuhi.

Jumatano sikulala vizuri. Uliniuliza wakati wa kifungua kinywa, "Unaumwa, Baba?" Lilikuwa swali lako la kwanza baada ya siku nyingi, na nikaogopa kukujibu nisiliharibu.

Sasa nikuambie ya jana.

Okello alikuja saa mbili na nusu, kabla ya zamu. Nilichapisha faili lake, nikagonga tarehe, nikampa mkononi juu ya meza. Mgonjwa ana haki ya kupewa faili lake. Imeandikwa ukutani kliniki, nyuma ya kichwa changu, kwa lugha mbili. Nimeipa mgongo miaka saba. Madam alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake. Saa nne basi likaja. Watu saba. Fomu zao nilikuwa nimezijaza majina na namba tu, pale penye tiba nikapaacha wazi. Nikasimama nikawasomea fomu kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kisha kwa Kiingereza kwa Mnepali aliyekuwa nao. Nikasema, "Msisaini mpaka daktari awaonyeshe picha na kuwaambia atafanya nini. Mkitaka kuzibiwa, semeni mnataka kuombewa kibali." Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto anayesoma somo kanisani. Mmoja akanong'ona, "Leo karani amekuwa mchungaji," wenzake wakacheka. Lakini watatu walikataa kusaini. Daktari akatoka na glavu mkononi kuuliza kwa nini chumba kiko tupu.

Madam hakupiga kelele. Alikuja mezani jioni, akaziweka sawa kalamu zangu, akasema, "Jumapili, kabla ya kuketi hapa, uje kwangu kwanza." Ndiyo yote niliyo nayo. Sijui Jumapili itakuwaje. Mama yako anajua. Nilimwambia jana alipotoka kazini. Viza yake ni ya hoteli anakofanya kazi, haitaguswa. Aliniuliza kwa nini ilinichukua miaka saba na mtoto wa miaka kumi na minane.

Nakuandikia haya leo, kabla sijajua mwisho wake, kwa makusudi. Nikifukuzwa, usije ukadhani ni kwa sababu yako. Na nisipofukuzwa, usije ukadhani baba yako ni shujaa. Miaka yote nilisema naogopa kwa ajili yako: shule yako, viza yako, cheti chako. Kesho ukipita pale wanapogonga pasipoti, sababu hiyo itapita pamoja nawe. Woga nitakaobaki nao utakuwa wangu mwenyewe, na itabidi nione ninaufanyia nini.

Cheti nimekiacha juu ya friji. Sitakirudisha begini. Kama utakitaka, kichukue; saa zile ulisimama kweli kwa miguu yako, na sitakulaumu. Kama hukitaki, kule kuna kliniki, na utaanza saa zako upya. Ukifika kwenye chumba chochote cha meno, kabla hujatazama mdomo wa mtu, tazama karatasi yake, uulize nani aliijaza na lini. Wakikucheka, watakuwa wamekucheka tu.

Nilikuomba useme samahani kwa ajili yangu. Halikuwa jambo la kumwomba mtoto. Naomba radhi kwako, Mwende, na kwa jina ulilolibeba, na sihitaji useme neno lolote kesho njiani. Ukijibu "ndiyo, Baba" nitaelewa ni ndiyo ya namna ipi.

Nasikia lifti. Jambo moja la mwisho: ile sabuni ya gego la chini, uliyoichonga baada ya Jumatatu ile ukaiacha dirishani bafuni, siyo mama yako aliyeitoa. Ni mimi. Umeweka tundu lake dogo mahali pake hasa. Jumapili, kama nitakuwa bado na meza, itakaa juu ya fomu. Kama sitakuwa na meza, nitatoka nayo mfukoni.

Baba yako, anayeogopa bado,

Musyoka